Shajara ya mradi: kijiti cha betri, mashine ya kufutia tatuu, na almasi ambayo bado siiamini

Wiki ya 1, Jumapili

Haya naanza kuandika maana nisipoandika namba zinapotea, kama zilivyopotea kwenye ule mradi wa inkyubeta ya mayai. Safari hii ni hivi: unachukua grafiti (kaboni nyeusi laini, ndugu wa almasi) unaizamisha kwenye maji, unaipiga na leza ya mapigo mafupi sana, halafu unatafuta kwenye yale maji vichembe vya almasi vya nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Sijaota mimi. Wachina wakina G. W. Yang walishaiandika mwaka 1998, walipiga grafiti ndani ya maji na leza ya Nd:YAG (aina ya kristali inayotoa mwanga wa leza) ya kijani, ile ya nanomita 532, wakapata almasi nano. Na Warusi walizipata toka 1963 kwa kulipua baruti ndani ya chombo kilichofungwa halafu wanachambua masizi, mle ndani kuna almasi za nanomita 4 hadi 5. Baruti sina na siitaki nyumbani, leza ninayo.

Leza yenyewe nimeipataje, kuna dada ana saluni hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, alinunua mashine ya kufutia tatuu, wateja hamna (Kigoma nani anafuta tatuu bana, wenye nazo wachache na wanazipenda), pampu ya maji ikafa, akaniletea nimtengenezee, nikamtajia bei ya pampu akanyamaza kidogo, akasema kaka yangu wewe ungeichukua shilingi ngapi. Tukaelewana.

Nimeifungua leo. Ndani kuna rodi ya Nd:YAG, taa ya xenon, kapasita kubwa ambalo nimelimwaga umeme mara mbili kabla ya kusogeza mkono, na kuna kristali ndogo ya kahawia mwishoni. Hiyo kristali ndio uchawi wote, inabana mwanga usitoke mpaka nishati ijae ndani ya rodi, halafu inafunguka yenyewe na vyote vinatoka kwa pigo moja. Lebo inasema nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 6 hadi 10. Kwenye hesabu zangu naweka 8.

Wiki ya 1, Jumatano

Dogo wa jirani (yuko kidato cha tano, anapenda sana haya mambo) kaniuliza kaka kwa nini usitumie ile leza ya kuchongea mbao ya fundi wa vibao, si ina wati 10. Swali zuri. Ile inamwaga mwanga mfululizo, grafiti inapata moto taratibu, joto linasambaa, mwisho inaungua kama mkaa basi. Yangu ukipiga wastani haifiki hata wati moja, tochi inaizidi, lakini ile nishati yote inashuka ndani ya nanosekunde 8, joto halipati muda wa kukimbia, uso wa grafiti unageuka plazma (gesi ya moto mkali ambayo atomi zake zimevunjika) pale pale. Na maji ya juu yanaizuia hiyo plazma isitanuke, kwa hiyo inajisukuma yenyewe, mgandamizo unapanda, halafu maji hayohayo yanaipoza haraka kabla kaboni haijapata akili ya kurudi kuwa grafiti. Hiyo ndio siri yote. Bila maji unatengeneza moshi.

Bado sijawasha. Nasubiri miwani.

Wiki ya 3, Ijumaa

Miwani imefika na basi, wiki mbili na siku. Imeandikwa OD 6 (inapitisha sehemu moja tu kati ya milioni ya mwanga) kwa nanomita 1064, ndio mwanga wa leza yangu, na 532, nimesoma mara tatu. Watu wawili wameniambia vaa tu miwani ya kuchomelea, hapana jamani. Mwanga wa 1064 hauonekani kabisa, na nyuma ya jicho hakuna maumivu, utajua umeumia ukiona doa jeusi katikati ya uso wa mtu unayeongea nae. Hata ile asilimia 2 hivi inayorudi kutoka juu ya maji inatosha kummaliza mtu. Kwa hiyo sheria: chumba cha nyuma, pazia, mlango komeo, miwani mbili tu kwa hiyo watu wawili tu, na hakuna saa wala pete mkononi. Mama watoto ameongeza sheria yake, hakuna kutumia sufuria zake.

Wiki ya 3, Jumamosi

Leo nimepima nguvu. Skrini ya mashine inasema milijuli 800. Siiamini skrini. Nimechukua kipande cha shaba cha gramu 2, nimekipaka masizi ya kibatari kiwe cheusi tii, nimegandisha sensa ya joto nyuma, nimepiga mapigo 30 ndani ya sekunde 10, shaba imepanda nyuzi 6.5. Gramu 2 mara 0.385 (juli za kupandisha gramu moja ya shaba nyuzi moja) mara 6.5 ni juli 5, gawa kwa 30, unapata milijuli 167. Nimerudia mara nne, inacheza 160 mpaka 175. Kwa hiyo nasema 170, na huyo aliyeandika 800 Mungu amsamehe.

Ila 170 sio mbaya hata kidogo! Milijuli 170 kwa nanosekunde 8 ni megawati 21, ndani ya kale kamuda.

Upana wa doa nimeupima kwa karatasi ya risiti, ile inayobadilika rangi ikipata joto, na lenzi niliyoitoa kwenye projekta mbovu naweza kulifikisha milimita 1 bila shida. Hapo inakuja kama gigawati 2.7 kwa sentimita mraba. Wanaofanya kazi ya kugongea vyuma kwa leza chini ya maji wana kanuni ya mkato: kipeuo cha pili cha hiyo namba kinakupa mgandamizo kwa gigapaskali, kwa makadirio. Kipeuo cha pili cha 2.7 ni 1.6.

Sasa 1.6 ni nini. Tuko Kigoma, tutumie ziwa. Tanganyika pale penye kina kuliko pote ni mita 1,470, ukishuka mpaka chini kabisa mgandamizo ni gigapaskali 0.014. Yaani kwenye ka doa ka milimita moja, ndani ya glasi, chumba cha nyuma, napata mgandamizo wa maziwa Tanganyika zaidi ya 110 yaliyopangwa moja juu ya lingine. Nilimwambia dogo akakaa chini.

Lakini haitoshi, na hili limeniharibia usiku. Mstari unaotenganisha grafiti na almasi (wanauita wa Berman na Simon) unaanzia gigapaskali 1.5 hivi kwa joto la kawaida, halafu kila ukiongeza nyuzi 1,000 unatakiwa uongeze kama gigapaskali 2.7. Kwa nyuzi elfu nne unaongelea 11 na zaidi. Na kwenye joto la kawaida atomi hazisogei, hata ukigandamiza vipi. Ndio maana almasi za Mwadui zilipikwa chini huko zaidi ya kilomita 150 kabla hazijarushwa juu, na ndio maana kiwandani wanatumia presi za gigapaskali 5 au 6 na nyuzi 1,400 na kitu. Mimi nina 1.6.

Kinachonipa moyo ni viwili. Kwanza ile 1.6 ni wastani wa doa zima, mwanzoni kabisa ndani ya plazma hali ni kali zaidi. Pili, chembe ikiwa ndogo sana mambo yanageuka, kuna hesabu za mwaka 1990 zinaonyesha ikiwa chini ya nanomita 3 hivi na uso wake umefunikwa na hidrojeni, almasi ndio inakaa raha kuliko grafiti. Kwa hiyo udogo unanisaidia.

Wiki ya 4, Jumanne

MAPIGO YA KWANZA. Nimetumia risasi ya penseli ya HB maana ndio iliyokuwepo, maji ya betri (yale ya chupa ya pale sheli, yamesafishwa vizuri na ni bei rahisi), maji juu ya grafiti milimita 5 tu, kwa sababu 1064 inanyonywa na maji, ukiweka mengi unapasha chai.

Sauti yake! Sio puu, ni TAK, kavu, kama mtu anavunja kucha ya kaa. Kila pigo kavumbi keusi kanaruka ndani ya maji kama wino wa ngisi. Baada ya mapigo 500 maji yamekuwa kijivu, baada ya 2,000 yamekuwa kahawia kama chai ya rangi iliyokaa.

Kosa la leo: nilisogeza lenzi doa liwe nusu milimita nipate nguvu mara nne, sauti ikahama. Badala ya TAK ya chini ikawa tsii ya juu, maji yanarukia lenzi. Maana yake maji yenyewe yanapasuka na kuwa plazma huko juu, mwanga haufiki chini, ikikaribia gigawati 10 ndio mwisho wake. Nimerudi milimita 0.8. Sasa hivi napanga kwa sikio, TAK ikiwa nzito niko sawa. Sijui wenye maabara wanafanyaje lakini sikio langu halijanidanganya.

Wiki ya 4, Ijumaa

Nilikuwa nimeshaanza kushangilia. Nilikausha yale maji kwenye kikombe cha kahawa cha kaure, nikachoma kwenye katanuru nilikokatengeneza mwenyewe kwa matofali ya udongo na koili ya jiko la umeme, nyuzi 420 masaa matano. Mantiki: hewani kwa nyuzi 400 na kidogo masizi yanaungua yanakuwa hewa ya ukaa, almasi nano inabaki. Nikafungua asubuhi, weusi umeondoka, chini kuna unga mweupe mweupe. Nikamwita dogo. Nikampigia shemeji. Shemeji akauliza karati ngapi.

Saa mbili baadae nikiwa nakunywa chai nikakumbuka penseli sio grafiti tupu. Toka enzi za Conté, yule Mfaransa wa 1795, risasi ya penseli ni grafiti na udongo. Udongo hauungui. Nimechoma vumbi la penseli ambalo halijaguswa na leza, kwa moto mkali zaidi, nimepata unga mweupe uleule. Kwa hiyo nilichokuwa nakishangilia asubuhi ni kigae.

Nimeandika hapa kwa herufi kubwa ili nisirudie: KILA SAMPULI IWE NA PACHA WAKE AMBAYE HAJAPIGWA.

Wiki ya 5

Nimehamia vijiti vyeusi vya katikati ya betri kubwa za redio. Watoto wa mtaani wameniletea betri zilizokufa gunia nusu, kwa biskuti. Ule unga mweusi wa ndani (manganizi) unapaka kila kitu na hautoki, mama watoto ana la kusema. Kijiti chenyewe kimelowekwa nta kiwandani, kwa hiyo unakichemsha, unakikausha, unakichoma kidogo nta itoke moshi, unasugua na msasa, unachemsha tena. Sio grafiti safi sana, kuna kaboni iliyogandishwa kwa lami humo, lakini udongo hamna. Nikipata ile ya magamba kutoka Mahenge, ambayo jamaa yangu dereva ameahidi toka mwezi jana, nitabadilisha.

Mapigo 9,000 kwa siku tatu. Taa ikipata moto nguvu inashuka, kwa hiyo dakika tano kazi, dakika kumi mapumziko. Kijiti nimekipima kwa sonara kabla na baada, kimepungua miligramu 14. Yaani kila pigo linachimba maikrogramu moja na nusu hivi. Sonara kaniuliza hiyo ni madini gani nikamwambia betri, akanitazama.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Kile kilichochimbwa kingi ni magamba ya grafiti yaliyobanduka tu, hayajageuka chochote, na hayo hayaungui kwa 420, ni makubwa na magumu kuungua kuliko masizi. Lazima yatolewe kwanza. Dawa ni uvumilivu: gamba la maikromita 1 linazama kama sentimita 6 kwa siku, chembe ya nanomita 5 haizami hata mwaka. Nimeacha glasi mbili (iliyopigwa, na pacha wake ambaye ni kijiti kilichosagwa tu) zikae siku tatu juu ya kabati bila mtu kugusa, halafu nimevuta maji ya juu kwa bomba la sindano. Maji ya juu ya pacha ni karibu meupe. Ya iliyopigwa bado kahawia. Hiyo pekee imenifurahisha kuliko ule unga mweupe, maana inaonyesha leza imetengeneza kitu kidogo sana. Kitu GANI ndio swali. Masizi nayo ni madogo.

Wiki ya 6, Jumatatu

Umeme umekatika saa ya tatu ya kuchoma, umerudi usiku wa manane, tanuru likajiwasha lenyewe bila mtu na kipima joto kikapitiliza mpaka 610. Kwa joto hilo hata almasi nano inaungua. Kikombe cheupe pee, safi kama kimeoshwa. Siku tatu za mapigo zimekwenda. Nimeweka relei, umeme ukikatika tanuru halijiwashi mpaka nibonyeze mwenyewe. Ningeiweka toka mwanzo lakini ndio hivyo.

Wiki ya 6, Jumamosi

Nimerudia yote. Safari hii 420 imekaa pale pale masaa matano. Kikombe cha pacha: kivuli tu. Kikombe cha iliyopigwa: utando wa kijivu mwembamba.

Shemeji kafika kutoka Kasulu, kaja kuona almasi. Nikamwonyesha utando. Akasogeza taa ya simu, akaangalia, akasema shemeji hii si vumbi. Nikamweleza kwamba chembe moja ya nanomita 5 ina atomi za kaboni kama elfu 11 na kitu, na ili upate karati moja unahitaji chembe 870,000,000,000,000,000, na hata ukizipata haziwi jiwe, zinakuwa unga wa kung'arishia vitu. Akaniuliza sasa unafanya ya nini. Nikasema nataka kujua kama zipo. Tukala migebuka na ugali yakaisha, lakini namjua, huko Kasulu atasema natengeneza almasi kwa betri.

Jaribio la kukwaruza: nimeweka tone la yale maji kati ya vioo viwili vya darubini nikasugua. Kumekwaruzika! Halafu nikasugua na tone la maji ya pacha, hamna. Halafu dogo, bila kuambiwa, akachukua vumbi la dirishani akasugua kioo cha tatu, kikakwaruzika vizuri kuliko vyote. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, basi. Chembe moja ya mchanga ikidondokea inatosha. Kwa hiyo mkwaruzo haunithibitishii kitu, nimeufuta kwenye orodha. Huyu dogo atafika mbali.

Wiki ya 8

Rafiki yangu anasoma chuo Dar, akaomba nafasi kwenye mashine ya Raman, nikamtumia vioo viwili kwenye bahasha, A na B, sikumwambia kipi ni kipi. Raman ni kwamba unamulika kitu kwa leza ndogo, mwanga unaorudi unabadilika rangi kidogo kufuatana na atomi zinavyotikisika. Almasi inatoa mstari mmoja 1332 (namba hizi zinahesabiwa kwa kila sentimita). Grafiti inatoa 1580, na grafiti iliyovurugika inaongeza mlima mnene pale 1350.

Umeona tatizo? 1332 na 1350 ni majirani wa ukuta mmoja. Na kwa leza ya kijani grafiti inapiga kelele mara nyingi kuliko almasi, makumi ya mara, kwa hiyo ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona kwenye harusi. Na almasi ikiwa nano mstari wake unashuka kidogo chini ya 1332 na unapanuka, unazidi kujificha.

Majibu: A ina milima miwili, 1350 na 1580. B ina milima miwili, 1350 na 1580, ila mlima wa 1350 una kabega upande wa kushoto, kama 1328. B ndio iliyopigwa.

Nimekaa na hiyo picha siku mbili. Nimeikuza, nimeipunguza. Rafiki yangu kasema wazi, ukimpa kompyuta milima mitatu achore atachora mitatu, ukimpa miwili atachora miwili na wote watakaa vizuri, hako kabega peke yake hakamfungi mtu. Ninamwamini. Lakini kabega kapo B na hakapo A, na yeye hakujua B ni nini.

Wiki ya 9

Njia iliyobaki ni kupima nafasi kati ya tabaka za atomi kwa eksirei. Mstari mkubwa wa grafiti ni nanomita 0.335, wa almasi 0.206, hiyo miwili iko mbali, ingawa grafiti ina mistari midogo jirani na 0.206 ambayo itabidi niiangalie. Shida mashine hiyo inataka unga wa kuonekana, angalau miligramu kadhaa, na mimi baada ya kuzamisha na kuchoma kilichobaki mizani ya sonara haikioni, inaandika sifuri. Nikikisia kwamba asilimia moja ya kinachochimbwa inabaki mpaka mwisho (nakisia tu), miligramu 5 ni mapigo zaidi ya laki tatu. Taa ya xenon sijui kama itavumilia.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango. Ncha ya 532 ilikuja na mashine, ile ya kijani, nguvu inashuka karibu nusu lakini maji hayainyonyi, kwa hiyo kinachotoka ndicho kinachofika. Nimetengeneza pia kimota cha kuzungusha kijiti polepole ili kila pigo liangukie sehemu mpya, maana nimegundua baada ya mapigo 50 sehemu moja kunakuwa na shimo na TAK inapooza. Maji nayo nabadilisha kila mapigo 1,000, la sivyo mwanga unaishia kwenye wingu la juu na pengine unaziharibu hizo almasi nilizokwisha kutengeneza, unazirudisha kuwa masizi. Hilo nilipaswa kuliwaza wiki ya tano.

Leo nimepiga 3,000 kwa kijani. Maji yana rangi nyingine, ya majani makavu zaidi kuliko chai. Pacha yuko pembeni yake juu ya kabati. Maji ya betri yamebaki nusu chupa, kesho dogo akitoka shule anapitia sheli kuchukua mengine matano.